Pampu inawaka mara 12 au 13? Jibu kwa mtunga lugha ya uigaji

Swali: Natengeneza lugha ndogo ya programu, yenye maneno ya Kiswahili, ya kuigia mifumo kama tenki la maji lenye pampu. Katika mfano wangu maji yanashuka milimita 12 kwa dakika. Pampu ikiwaka yanapanda milimita 24 kwa dakika, matumizi yakiwa yameshatolewa. Pampu iwake kina kikifika milimita 300, izime kikifika 1,200. Naanza na tenki lililojaa na pampu iliyozimwa, naiga saa 24. Kwa hatua ya dakika 10, pampu inawaka mara 12. Kwa hatua ya dakika 1, mara 12 tena. Kwa nusu dakika, mara 13. Lipi ni sahihi, na kauli yangu ya «kama» ina kasoro gani? Tena, je, nifuate lugha ya uigaji ya Modelica kwa kuruhusu milinganyo isiyo na mwelekeo, yaani isiyosema kipi kikokotolewe kutoka kipi?

Jibu: Sahihi ni 13, na kalamu na karatasi vinatosha kulithibitisha. Kutoka 1,200 hadi 300 ni milimita 900, yaani dakika 75 za kushuka. Kurudi juu ni dakika 37.5. Mzunguko mzima ni dakika 112.5. Pampu inawaka kwa mara ya kwanza dakika ya 75, kisha kila baada ya 112.5, na mara ya 13 inaangukia dakika ya 1,425, robo saa kabla ya siku kuisha.

Sasa itazame hatua yako ya dakika 1. Kushuka kunakwenda sawa, hatua 75 kamili. Kupanda kunataka hatua 37 na nusu, na nusu hatua huna, kwa hiyo pampu inaendelea hadi hatua ya 38 na maji yanafika 1,212. Kushuka kwa pili kunaanzia huko juu, kunakula dakika 76. Mzunguko umekuwa 114. Dakika moja na nusu inaonekana si kitu, lakini ikirundikana siku nzima uwashaji wa 13 unasukumwa hadi dakika ya 1,443, nje ya siku kwa dakika tatu. Hatua ya dakika 10 ilikosea kwa namna nyingine, maana maji yalishuka hadi 240 kabla programu haijashtuka, lakini ikaishia kwenye 12 ileile. Wengi hujaribu hatua mbili, wakiona majibu yanalingana wanafunga kazi. Kwako majibu mawili yamelingana na yote mawili ni makosa. Hata ile 13 ya nusu dakika imetokea kwa sababu 37.5 inagawanyika kwa 0.5 bila baki. Badili kasi ya kupanda iwe 23 uone kama zile hatua bado zinaangukia mahali pake.

Kwa hiyo kasoro haiko kwenye ukubwa wa hatua. Iko kwenye maana ya kauli yenyewe. Wewe umeandika «kina kikifika 300», lakini lugha yako inasoma: «mwisho wa hatua ya kwanza ambayo solva imekuta kina kiko 300 au chini». Solva ni ile sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo, na hatua zake ni siri yake. Tenki halijui hatua. Pampu haijui hatua. Lugha ikiruhusu hatua za solva zionekane na mwandishi wa modeli, mwandishi huyo anaandika habari za solva akidhani anaandika habari za tenki. Kama ningeruhusiwa kukupa sharti moja tu la kubunia lugha yako, ni hilo: hatua zisionekane popote.

Ili sharti hilo litimie, lugha inapaswa kujua kwamba kuna vigeu vya namna mbili. Kina cha maji kinatiririka: kinabadilika wakati wote, na tunachokiandika ni kasi ya badiliko lake. Hali ya pampu inaruka: inakaa palepale, kisha kwa nukta moja ya wakati inageuka. Usiyaache mambo haya mawili yajichanganye ndani ya «kama» moja. Ningeandika hivi:

modeli Tenki
  tiririka kina = 1200
  ruka pampu = zima
  kasi(kina) = kama pampu == washa basi 24 vinginevyo -12
  pindi shuka(kina, 300): pampu := washa
  pindi panda(kina, 1200): pampu := zima

«Kama» imebaki, lakini inauliza kigeu kinachoruka tu. Swali lolote linalohusu kigeu kinachotiririka linapita kwenye «pindi», na «pindi» ni tukio lenye wakati wake. Modelica haikuwa kali kiasi hiki. Kule mtu akiandika ulinganisho wa kawaida ndani ya «if» kompaila yenyewe, ile programu inayotafsiri modeli kwa kompyuta, inatengeneza tukio kimyakimya. Ni ukarimu, na kwa fundi mzoefu unaokoa muda, lakini nimeona wanafunzi wakikaa na modeli yenye mamia ya matukio wasiyoyajua yametoka wapi. Lugha changa afadhali iwe kali.

Kulipata tukio lenyewe ni kazi ya solva. Kwa kila «pindi» kompaila inatoa fomula moja, hapa ni kina kutoa 300. Solva inapiga hatua yake kama kawaida, kisha inaangalia kama fomula imebadilika alama kutoka chanya kwenda hasi. Ikiwa imebadilika, tukio liko katikati ya hatua, basi inatafutwa nukta yenyewe kwa kukata kipande mara nyingi hadi kibaki chembamba kabisa. Hapo uigaji unasimama, matendo ya tukio yanafanyika, na solva inaanza upya kutoka hapo ikiwa na hali mpya. Kitu kidogo ambacho vitabu havikitilii mkazo: kile kipande chembamba kina ncha mbili, simama kwenye ncha ya kulia, ambako mstari umeshavukwa. Ukisimama kushoto, ukiwasha tena solva italikuta tukio lilelile na utazunguka mahali pamoja.

Njia hii ina mipaka yake. Kubadilika kwa alama kunanasa uvukaji wa mara moja, mara tatu, mara tano. Maji yakivuka mstari na kurudi ndani ya hatua moja, alama ni ileile na tukio limepotea. Kwa hiyo weka kikomo cha hatua ndefu kabisa, na kiache mwandishi akibane anapojua mfumo wake ni wa haraka. Hapo hatua inarudi machoni, najua, lakini inarudi kama kikomo cha usahihi, haimo tena ndani ya maana ya modeli.

Kuna mtego mwingine unaowapata karibu wote. Anza uigaji na kina cha 250. Maji yako chini ya 300 tangu mwanzo, hayavuki chochote, «pindi» haiwaki, na tenki linakauka huku pampu imetulia. Kila mara mtu akiniletea lugha mpya, hii ndiyo modeli ya kwanza ninayoiendesha. «Pindi» inahusu badiliko, haihusu hali, na hivyo ndivyo inavyofaa kuwa. «When» ya Modelica nayo iko hivyo: haiwaki kwa sharti ambalo ni kweli tangu mwanzo, mpaka mwandishi aliombe hilo waziwazi. Dawa ni kuipa lugha sehemu ya «mwanzo», ambamo hali ya pampu inakokotolewa kutoka kwenye kina cha kuanzia, badala ya kuandikwa tu kuwa imezimwa. Amua pia mapema nini kinatokea kina kikianza na 300 kamili kisha kikashuka. Mimi ningesema hilo ni tukio. Ukisema si tukio sitagombana nawe, ila liandike kwenye mwongozo.

Utajiuliza kwa nini mambo haya hayakumalizwa zamani. Sababu moja ni kwamba waigaji walitoka nyumba mbili. Nyumba ya milinganyo ilikuwa na watu wa umeme, ndege na kemia, na lugha yao ya mfano ni CSSL, iliyotolewa mwaka 1967 na kamati huko Marekani. Kompaila ilipanga milinganyo kwa mfuatano sahihi na solva ikatembea. Nyumba ya foleni ilikuwa na watu wa viwanda na bandari. Huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza Simula, ambamo wakati hautembei, unaruka kutoka tukio hadi tukio. Mwaka 1974 Alan Pritsker alitoa GASP IV, rundo la programu ndogo za lugha ya FORTRAN zilizounganisha pande zote mbili, na mwaka 1979 François Cellier aliandika tasnifu nzima huko Zürich kuhusu uigaji wa mchanganyiko huu. Lakini kuunganisha programu ni jambo moja, na kuipa lugha maana moja isiyotegemea solva ni jingine. Hilo la pili lilichelewa, na ukifungua zana zinazouzwa leo bado utaona mshono.

Chukua Simulink, zana ambayo modeli yake hujengwa kwa kuunganisha vipande viitwavyo bloku. Solva yake hupiga hatua kubwa, na ndani yake hatua ndogo za kupima tu. Mtu anayeandika bloku yake mwenyewe kwa lugha ya C hulazimika kuuliza kwanza, je, hii ni hatua kubwa au ndogo, kabla hajagusa hali inayoruka. Akisahau, hakuna anayemwambia. Kisa chake ni hiki: solva ya Runge-Kutta ya daraja la nne inaita milinganyo yako mara nne kwa kila hatua, na solva inayojirekebisha inaweza kupiga hatua, kuikataa, kurudi nyuma na kuipiga upya ikiwa fupi zaidi. Ukiweka «n = n + 1» katikati ya milinganyo inayotiririka, n itahesabu miito hiyo yote, pamoja na ya hatua zilizokataliwa. Namba itatoka, grafu itachorwa, na haitakuwa na maana yoyote.

Dawa niipendayo ilitoka Paris. Timothy Bourke na Marc Pouzet waliichapisha mwaka 2013 katika lugha yao iitwayo Zélus. Walichukua mapokeo ya Lustre, lugha ya Grenoble ya miaka ya 1980 inayotumika kwenye programu za udhibiti, wakaiongezea milinganyo ya kasi. La muhimu ni kwamba kompaila inaipa kila fomula namna yake: inayotiririka, inayokwenda kwa mapigo ya matukio, au isiyojali, kama jumla ya namba mbili. Fomula ya mapigo ikiwekwa mahali pa kutiririka bila tukio la kuisukuma, programu inakataliwa kabla ya kuendeshwa. Ile «n = n + 1» haipiti. «pindi shuka(kina, 300): n := n + 1» inapita, kwa sababu sasa tunajua n inahesabu nini. Ukaguzi huu si mgumu kuuandika, unafanana na ule wa kutofautisha namba na maandishi, na ningeuweka kwenye lugha yako kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla ya ujumbe mzuri wa makosa.

Halafu kuna matukio ya wakati mmoja. Kina kimefika 300, pampu inawaka, kuwaka kwake kunafungua vali, vali inawasha taa. Kwa saa ya ukutani ni nukta moja, lakini kuna kwanza na kisha. Oded Maler, Zohar Manna na Amir Pnueli waliandika wakati kwa jozi: nukta ya wakati, na namba ya hatua ndani ya nukta hiyo. Edward Lee na wenzake wa chuo kikuu cha Berkeley waliijenga hiyo ndani ya Ptolemy II, programu yao ya uigaji. Nawe fanya hivyo: dakika ya 75, hatua ya 0, dakika ya 75, hatua ya 1, na kuendelea hadi pasiwe na la kufanya, ndipo wakati utiririke tena. Tukio linaposoma thamani ya kigeu kinachobadilishwa papo hapo, mwandishi aseme anataka ya sasa au iliyotangulia. Weka neno kama «awali(pampu)». Na matukio mawili yakitaka kukipa kigeu kimoja thamani mbili tofauti kwa wakati mmoja, usichague kwa mpangilio wa mistari kwenye faili. Kataa. Mwandishi akitaka kipaumbele, akiandike mwenyewe: pindi hiki, au kama sicho, kile. Modelica inafanya hivyo, na hapo naisifu.

Matukio ya saa yasitafutwe kama ya maji. Ukisema pampu izimwe saa 12 jioni, wakati huo unajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo unaingia kwenye foleni na solva inapangiwa kusimama pale hasa. Usiruhusu mtu aandike «kama t == 0.3». Kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.1 kwa ukamilifu, jumlisha 0.1 mara kumi kwa namba za kawaida za biti 64 utapata 0.9999999999999999. Saa za mapigo zihesabiwe kwa namba nzima au sehemu, kila pigo likiwa namba ya pigo mara kipindi, si kwa kuongeza kidogokidogo.

Baadhi ya mambo lugha haiwezi kumwokoa mtu. Tuseme mwandishi ana mstari mmoja tu: chini ya 300 washa, juu ya 300 zima. Maji yakifika hapo pampu inawaka na kuzima bila kikomo, na wakati unagoma kusogea. Fundi wa pampu anajua hilo bila hisabati, ndiyo maana boya huachiwa nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Kisa cha pili ni mpira unaodunda. Udondoshe kutoka mita 5, chukua mvuto kuwa 10 ili hesabu iwe nyepesi, na kila mdundo ubakize asilimia 80 ya kasi. Unagusa chini sekunde ya 1, kisha baada ya 1.6, kisha 1.28, na jumla ya vipande vyote hadi mwisho ni sekunde 9. Kabla ya sekunde ya 9 kuna midundo isiyo na idadi. Uigaji ama utasongwa, ama mpira utapenya sakafu kwa sababu uvukaji umekuwa mdogo kuliko uwezo wa kupima. Hakuna kompaila inayoweza kuugundua mtego huu kwa kila modeli: Henzinger na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba hata swali la kawaida, je, mfumo utafika hali fulani, kwa mifumo hii kwa ujumla halina programu ya kulijibu. Unachoweza ni kuhesabu matukio ndani ya muda mfupi, kusimama, na kumwambia mwandishi ni mstari upi unaojirudia. Yeye ndiye aongeze hali ya tatu, mpira uliotulia.

Neno fupi kuhusu mwendo. Kila tukio ni gharama, hasa kwa solva zinazokumbuka hatua zilizopita ili zipige ndefu zaidi, maana baada ya tukio kumbukumbu hiyo inafutwa na zinaanza tena kwa hatua fupi za daraja la chini. Kwa hiyo fomula yenye kona isiyo na mruko, kama ile inayochagua iliyo ndogo kati ya namba mbili, iruhusiwe bila tukio mwandishi akiitia alama ya «laini». Modelica ina alama za aina hiyo.

Kuhusu milinganyo isiyo na mwelekeo: kwa sasa usifuate. Ni wazo zuri sana. Hilding Elmqvist alilileta katika tasnifu yake ya Lund mwaka 1978, katika lugha ya Dymola, na Modelica ya 1997 ilikulia humo: unaandika kwamba mikondo kwenye kiungo inajumlika kuwa sifuri, na kompaila inajua yenyewe kipi kikokotolewe kutoka kipi. Kwa saketi na mitambo yenye viungo vingi, hakuna kinachoifikia. Lakini ukiifungua milango hiyo utahitaji kupanga milinganyo upya, kutatua mafungu yake kwa pamoja, na wakati mwingine kutafuta kasi ya baadhi yake kabla solva haijaweza kuanza, ile kazi ambayo Pantelides aliitolea njia mwaka 1988. Kisha matukio yanapobadilisha muundo wa milinganyo yenyewe, kwa mfano kamba inayokaza na kulegea, hata wenye Modelica wanatokwa jasho. Tenki lako lina mwelekeo ulio wazi. Tumia CVODE, solva iliyo ndani ya mkusanyo wa programu uitwao SUNDIALS, inayotolewa bure na maabara ya Lawrence Livermore na yenye utafutaji wa kuvuka sifuri tayari, na nguvu zako zipeleke kwenye ukaguzi wa namna za fomula. OpenModelica, programu ya kuendeshea modeli za Modelica, nayo ni bure. Andika tenki hilohilo ndani yake, lianzishe na 1,200 kisha na 250, ulinganishe na lugha yako.